Kumwamuru Mama Pilar

Kiharusi kilimnyang'anya Sista Pilar Kiswahili chote. Miaka na miaka aliwazalisha wanawake wa Masumbwe, akiwafokea na kuwabembeleza kwa Kiswahili na Kisukuma. Sasa kinywani mwake kilibaki Kihispania cha utotoni tu.

Aliyemuuguza ni Mbuke. Wazazi wake walimwacha kwenye zahanati ya masista akiwa mchanga, wakaenda kutafuta dhahabu Rwamgasa, wakapotelea hukohuko. Mama aliyemjua ni Pilar. Na wakubwa wa shirika walikwisha kusema: sista akiendelea kukataa chakula, atarudishwa kwao Hispania. Jumamosi wangekuja kumwona.

Basi Mbuke akaamua kumlisha kwa lugha yake. Sista Generosa, aliyewahi kusoma huko, alimfundisha jikoni.

"Ukimwamuru mtu mmoja, kitenzi kinachoishia na *ar* unakiachia *a*. *Hablar, habla*: sema. Cha *er* na cha *ir* unakipa *e*. *Comer, come*: kula. *Abrir, abre*: fungua. Umemaliza."

"Na 'naomba' naiweka wapi?"

"Huiweki. Amri ni amri."

Rahisi kwake Generosa. Pilar mwenyewe, asitake binti yake achekwe na wenyeji, alikuwa amemlea Kisukuma hasa: mkubwa anapigiwa goti, haamriwi. Na Mbuke alikuwa mtoto msikivu, maskini.

Jumamosi, wakubwa wakiwa wamesimama mlangoni, alipiga goti na bakuli lake la uji, akainamisha macho, akanong'ona, "Shikamoo mama. Naomba, kama utapenda... *come*."

Pilar alitazama ukuta. Uji ukapoa. Wakubwa wakatazamana, wakaenda kukata tiketi.

Siku ya safari, gari la kwenda Kahama lilikuwa linanguruma uani na Pilar ameshapakiwa. Mbuke alikuja na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa ambavyo Pilar alivipenda kuliko keki za kwao. Alivilowesha kwenye chai mpaka vikalainika. Safari hii hakupiga goti. Uchungu haukuwa umemwachia adabu yoyote.

"*Abre*," alisema kwa sauti.

Pilar akafungua kinywa.

"*Come*."

Akala. Akala tena, na tena, bila ubishi, mpaka kikabaki kipande kimoja. Dereva alizima injini.

Mbuke alimgeukia Generosa. "Anakula. Dada, waambie anakula."

"Tiketi imeshakatwa, Mbuke," alisema Generosa, naye analia. "Ungemwambia hivyo Jumamosi."

Pilar alikuwa amekichukua kile kipande cha mwisho kwa mkono wake ule usiopooza. Alikipuliza, ingawa hakikuwa cha moto, kama alivyokuwa akimpulizia Mbuke uji zamani, akamnyooshea dirishani.

"*Come*," alimwambia.

Mbuke akapiga goti pale vumbini, akafungua kinywa, akala.