Makaa Popote Yatakapotokea

Kila Jumamosi, kabla Arvil Ratliff hajaanza kuimba, mkewe Vesta alifunika sufuria ya maharagwe kwa kitambaa, akasogeza mkate wa mahindi mbali na jukwaa, kisha akapindua vikombe vyote kifudifudi. Wenyeji wa bonde la Crane Branch hawakuhitaji kuambiwa. Waliingia kwenye ukumbi wa shule ya zamani na kukaa kuanzia mstari wa tatu.

Arvil alikuwa amechimba makaa ya mawe miaka thelathini na moja, na akiimba nyimbo za mgodi makaa yalimtoka kinywani. Ubeti wa kwanza ulileta vumbi tu. Wa pili ulileta chenga. Kibwagizo, pale sauti inapopanda mpaka juu kabisa na kukaa huko peke yake, kilileta vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, vikadondoka juu ya banjo yake kwa mlio mwembamba. Coy Mullins, mpiga fidla, alikuwa na desturi ya kupiga akiwa amefumba macho. Watu wa mjini walidhani ni hisia.

Wimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa ndoo ya chakula, ile mchimbaji anayoibeba kwenda nayo mgodini. Mtoto anamngoja baba yake njiani, maana kila jioni baba humbakizia kipande cha keki ndani ya ndoo. Siku moja ndoo inarudi mkononi mwa mtu mwingine. Keki imo. Wimbo unaishia hapo, na hakuna aliyewahi kuusikiliza akabaki na macho makavu.

Aliyelia kuliko wote alikuwa Bwana Prentiss Hale, mwanasheria wa kampuni ya makaa. Kampuni ndiyo iliyodhamini tamasha la kila vuli, kwa hiyo Hale alikaa mstari wa mbele na leso mbili. Pembeni yake walikaa wageni kutoka mji wa Lexington, wamevaa ovaroli mpya, wakikinga vikombe vya karatasi ili wapate chenga za kupeleka nyumbani.

"Mama Ratliff, wimbo huu unanikumbusha mimi ni nani," Hale alisema siku moja, akipenga kamasi.

"Wewe ni nani?" Vesta aliuliza. Alitaka kujua kweli.

Nje ya jukwaa, Arvil hakuweza kupanda ngazi nne za baraza lake bila kupumzika mara mbili. Alilala akiwa amekaa. Alihitaji mashine ya oksijeni, na ili aipate ilihitajika karatasi moja ya mahakama inayosema kwamba kifua chake kimeharibiwa na mgodi. Vesta aliiomba karatasi hiyo kwa miaka miwili. Mwezi wa tisa wakaitwa mahakamani.

Daktari wa kampuni aliinua picha ya eksirei dirishani, akaitazama kwa makini.

"Naona mbavu," alisema. "Naona moyo, tena mzuri tu. Makaa hamna."

Jaji alikuwa mtu mpole, mwenye kupiga mandolini nyumbani. Alimwomba Arvil aimbe kidogo ili mahakama ijionee yenyewe. Arvil akauimba wimbo wa ndoo. Karani akaacha kupiga taipu, akaegemeza paji la uso kwenye mashine. Daktari alivua miwani. Makaa yaliangukia faili, yakaangukia kikombe cha kahawa cha jaji, na jaji akayatoa kwa kijiko huku machozi yakimtiririka.

Hale alisimama, macho mekundu.

"Mheshimiwa, mtu anayeishikilia sauti ile kwa pumzi moja ana mapafu ya nyumbu wa mizigo."

"Hata mimi nimeliona hilo," jaji alisema, akaligonga muhuri ombi la Arvil. Limekataliwa.

Hale hakukaa. Alitoa karatasi ya pili, ya zamani, iliyopasuka kwenye mikunjo. Babu wa baba yake Arvil, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ameiwekea alama ya msalaba, akapewa nyumbu mmoja na bunduki. Kwa alama hiyo aliiuzia kampuni makaa yote ya ardhi yake, "popote yatakapotokea." Ukoo wa Ratliff siku zote uliamini kwamba popote inaishia kwenye ua wa nyuma, penye banda la kuku.

"Popote ni popote," Hale alisema kwa huruma. "Naomba mahakama itamke kwamba haya yaliyoko mezani ni mali ya kampuni."

Vesta alisimama bila kuitwa.

"Bwana Hale, umesema sasa hivi hana makaa kifuani."

"Ndiyo, mama."

"Basi hayo unayoyadai yametoka wapi?"

"Hilo ni shauri jingine."

"Lakini ni wewe yule yule!"

"Ni mimi, ila lile la kwanza lilikuwa la afya. Hili ni la ardhi."

Jaji alitafakari, akagonga muhuri wa pili. Limekubaliwa.

Wakiwa kwenye ngazi za mahakama, wanapumzika mara ya tatu, Arvil alianza kucheka mpaka akakohoa.

"Unacheka nini wewe?"

"Babu alipewa nyumbu. Mimi nimepewa mapafu yake. Tukivumilia, mke wangu, mjukuu atapata kwato."

Kampuni ilimwajiri Coy Mullins kufagia makaa yake jukwaani. Alipewa kofia, ufagio, ndoo na kitabu cha stakabadhi. Alipiga fidla mpaka mwisho, akafuta macho, akavaa kofia.

"Inua mguu, kaka," alimwambia Arvil. "Shemeji, nisamehe, weka sahihi hapa."

Stakabadhi ilisomeka: *Makaa, ndoo mbili. Yametoka kifuani mwa A. Ratliff.* Vesta aliisoma mara tatu. Ilikuwa na nembo ya kampuni. Aliiambatanisha na barua ya rufaa, akaipeleka posta mwenyewe, akarudi akiimba.

Jibu lilikuja baada ya majuma sita. Mahakama ilimshukuru kwa kuandika vizuri, ikaeleza kwamba stakabadhi hiyo haiwezi kupokelewa, kwa kuwa inahusu makaa ambayo, kwa hukumu ya mwezi wa tisa, hayamo.

Jumamosi iliyofuata Vesta alifunika maharagwe. Arvil alibebwa hadi jukwaani juu ya kiti. Kwenye kibwagizo kipande kimoja kiliruka mbali, kikatua kwenye mkunjo wa sketi ya Vesta, naye akakifunika kwa kiganja. Coy alikiona. Alifagia kuzunguka miguu yake, polepole, akaandika ndoo mbili kamili.

Nyumbani Vesta alikitia kwenye jiko la chumba cha Arvil. Kiliwaka kwa muda wa wimbo mmoja. Arvil aliota moto, akiwa amekaa, akitafuta pumzi.