Mpiga Kelele Asiyesema

Wiki ya tatu tangu akabidhiwe darasa la sita, mwalimu wa Kiswahili alianza kuitilia shaka orodha ya wapiga kelele. Kila akirudi kutoka kikaoni, kiranja alimpa karatasi yenye mwandiko safi, na jina la juu lilikuwa lilelile: Redio. Ndivyo darasa lilivyomwita msichana wa dawati la nyuma, na mwalimu aliamini ni kwa sababu ya mdomo usiofunga. Alikwisha kumwadhibu mara saba: kudeki veranda, kufuta ubao, kubaki ndani wenzake wakicheza.

Siku hiyo akamwambia asome aya moja kwa sauti.

"M-m-m..." Neno likamkwama msichana kooni, jasho likamtoka. Nyuma mtu akakohoa makusudi. Wengine wakainama, mabega yakiwatikisika.

"Kaa, mwanangu," mwalimu alisema. Mtoto asiyeweza kumaliza neno moja anapigaje kelele mara saba?

Swali hilo lilimnyima raha, maana kiranja alikuwa binti wa dada yake, aliyeishi naye nyumbani. Mtoto mwenye adabu, kipenzi cha ofisi nzima ya walimu. Jioni, wakiosha vyombo, akamchokonoa.

"Hivi Redio huwa anaongea na nani?"

"Na kila mtu, mama mdogo. Ukigeuka tu!"

Jibu lilitoka upesi mno, laini kama shairi la kukariri.

Kesho yake mwalimu akaaga darasa kwamba anakwenda kikaoni. Hakwenda. Alivua viatu, akazunguka nyuma, akajibanza chini ya dirisha. Mwalimu wa hesabu alipita, akamtazama usoni, akamtazama miguuni, akaona bora aendelee na safari yake.

Ndani kulikuwa kimya. Kisha ikaja sauti anayoijua vizuri.

"Sema 'nimekoma' bila kukwama. Ukikwama, nakuandika."

"N-n-n..."

"Nimeandika! Leo tena utadeki."

Kicheko cha chinichini kikatambaa darasani. Mwalimu akaelewa. Mpwa wake alikuwa na kalamu tu. Aliyekuwa akimwumiza yule mtoto, siku baada ya siku, ni yeye mwenyewe.

Akaingia pekupeku, viatu mkononi. Hakufoka. Alimpokonya kiranja karatasi, akasema kuanzia leo hakuna mwanafunzi atakayemwandika mwenzake, na hilo jina la Redio, la kumdhihaki anavyokwama, asilisikie tena. Halafu akamwita msichana kwa jina alilopewa na wazazi wake, wakatoka hadi veranda.

"Nimekuadhibu bila kukuuliza. Nimekukosea, unisamehe. Lakini mbona hukuniambia?"

Safari hii alingoja. Hakummalizia neno wala kutazama saa.

"N-nilijua hu-hutanisubiri."

Mchana huohuo alimweleza mwalimu mkuu yote, bila kuficha undugu. Kiranja akavuliwa cheo. Dada yake akapiga simu akiwaka.

"Damu yako mwenyewe unaianika mbele za watu?"

"Na yule mwenzake ana maji mwilini, dada?"

Simu ikakatwa. Nyumbani mpwa alinuna siku nne, akijibu kwa mabega. Mwalimu naye hakumwacha. Kila jioni alikaa naye, akimwuliza alichokuwa akikipata pale wenzake walipocheka. Siku ya tano binti akaangua kilio. "Walikuwa wananipenda, mama mdogo."

Wiki iliyofuata akaja na habari: ameomba msamaha, na amesamehewa. Mwalimu akampongeza, lakini shaka haikumtoka. Asubuhi akamtafuta yule msichana faraghani.

"Ni kweli ameomba?"

"Ameomba. L-lakini bado namwogopa."

"Asante kwa kuniambia," mwalimu alisema. Siku hiyo alipeleka madaftari yake darasani, akakaa huko kipindi chote cha mapumziko, na siku iliyofuata, na nyingine.