Uzi Mwekundu wa Idwal

Mared alijifunza kuunga kamba kwa kuziharibu. Miezi minne ya kwanza alikuwa akikata vipande kutoka kwenye kamba zilizostaafu, anavifumua, anavipunguza nyuzi, anavirudisha tumboni mwao wenyewe ili vipate jicho, yaani kitanzi cha mwisho wa kamba, na kila Ijumaa jioni mjomba wake Idwal anavishika kimoja kimoja na kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Idwal hakuwa mtu wa kusifu. Waliokuwapo kanisani siku ya harusi yake wanasema alipoulizwa kama anamkubali mke, alijibu, "Si nimekuja?"

Alikuwa mkata miti, na baba yake kabla yake. Watu wa mjini huwaita madaktari wa miti, na Mared aliposikia jina hilo akiwa shuleni alidhani kazi yenyewe ni kukaa juu ya matawi na kutazama milima ya Wales. Alipofika kazini na miaka yake kumi na tisa akakuta robo tatu ya udaktari ni kufagia. Saa moja asubuhi unajaza mafuta, unanoa minyororo ya chenso, ile misumeno ya injini, unapakia gari. Kisha mchana kutwa unaburuta matawi kwenye mvua na kuyalisha kwenye mashine ya kuyasaga, na jioni unapiga reki uwanja wa mtu ambaye anakuonyesha jani moja ulilolisahau. Anayepanda ni mwingine. Kwao aliyepanda alikuwa Carwyn, mwanamume wa miaka thelathini na ushee, mwepesi kwa miguu na mwepesi zaidi kwa mdomo, aliyembatiza Mared jina la Mtaalamu kwa sababu hakuwa anajua kitu.

Nyumbani Idwal alikuwa mjomba, kaka wa mama. Kazini alikuwa Bosi. Alimwambia hivyo siku ya kwanza langoni, na Mared hakuwahi kukosea.

Wakata miti wengi siku hizi hununua kamba yenye jicho tayari kutoka kiwandani. Idwal aliona huo ni uvivu. Kamba zote za karakana yake aliziunga mwenyewe, akazifungia kwa uzi mwekundu, na wapandaji wa bonde lote walimletea zao. Alikuwa na sheria moja aliyoirithi: aliyeunga kamba ndiye wa kwanza kuning'inia nayo. Magoti yalikuwa yamemkataza miti misimu miwili sasa, basi alining'inia kwenye boriti ya karakana, futi mbili kutoka sakafuni, mikono imekunjwa kifuani, kama nyama buchani. Akishuka, kamba imepita. Na sheria ya pili ilizaliwa na ya kwanza: hakuna anayetumia uzi wa rangi yake mpaka Idwal aseme. Mared alikuwa amenunua kigurudumu cha uzi wa manjano Septemba. Kilikaa mfuko wa kifuani, hakijafunguliwa.

Oktoba aliunga jicho lililompendeza. Lilikuwa jembamba, limenyooka, na uzi wa mazoezi umezunguka kwa mpangilio. Akaning'inia nalo, likamshika. Akarukaruka, likamshika. Carwyn akapiga makofi.

Idwal akalichukua. Hakulivuta. Alililegeza, akalikunja, akaanza kulisukuma nyuma taratibu kwa vidole, kama mtu anayemvua mtoto soksi. Mkia wa kamba, ile ncha iliyorudishwa ndani, ukateleza nje wote, ukaanguka sakafuni.

"Umeona?" alisema. "Kamba ikivutwa, inaubana mkia wake yenyewe. Hapo hata mshono wa mlevi utakubeba. Ikilegea inauachia. Sasa niambie, juu ya mti kamba inalegea lini?"

"Nikisimama kwenye tawi, Bosi."

"Na ukisimama kwenye tawi unafanya nini?"

"Nakata."

"Unakata, unatikisika, kamba inacheza, mkia unatembea. Halafu unaiegemea tena." Akaufungua uzi wake na kumwonyesha. "Sindano yako imepita kwenye ngozi ya kamba tu. Haikuugusa mkia. Lazima uusikie kwenye kidole ukiutoboa, kisha utokee upande wa pili. Uzito haujaribu kitu. Kinachojaribu kamba ni kulegea."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumsikia akitoa. Mared aliikariri. Tangu siku hiyo hakushika jicho la kamba lolote, lake wala la mtu, bila kulilegeza na kulisukuma kwanza. Carwyn alisema ameanza kukamua kamba maziwa.

Baridi ilipoingia, Idwal alianza kumpa Mared sindano amtilie uzi. "Macho haya," alisema, na Mared aliona ni haki, mtu ana miaka sitini na moja. Kikombe cha chai alikuwa akikishika kwa mikono miwili, glavu hazivuliwi. Koti lake likawa la zipu, lile la vifungo halikuonekana tena. Mambo madogo kama haya yalipita mbele ya macho ya kila mtu karakanani, na kila mtu akayaona kivyake na kuyaacha yapite.

Februari waliitwa kwenye kanisa dogo juu ya kijiji. Mwaloni uliosimama ubavuni mwake ulikuwa na tawi kubwa lililopasuka kwenye dhoruba, na tawi lenyewe lilikuwa limelala juu ya paa kwa urefu wa chumba kizima. Lilitakiwa kushushwa kipande kwa kipande. Bi Eluned, mtunza kanisa, aliwapokea langoni na onyo kwamba vigae vya paa vina umri mkubwa kuliko wao wote wakijumlishwa.

Idwal alifungua nyuma ya gari na kutoa kamba mpya, nyeupe, ya mita arobaini na tano. Jicho lake lilikuwa na uzi mwekundu.

"Yako," alimwambia Mared. "Leo unapanda wewe. Carwyn atakuwa tawi la pili, atakuelekeza."

Mared alifurahi hadi masikio yakamwaka. Alijua hata asante ndefu ingemuudhi Bosi, akasema fupi. Akaenda chini ya mwaloni, akavaa mkanda, akafunga kofia ngumu, akachukua jicho ili alitie kwenye pete ya chuma ya mkandani. Na kwa mazoea tu, bila kufikiria, akalilegeza na kulisukuma.

Ndani kitu kilisogea. Kidogo tu, kama kidole cha mguu kinavyosogea ndani ya kiatu.

Akasukuma tena. Kikasogea tena. Akaligeuza jicho kwenye mwanga. Uzi mwekundu ulikuwa umezunguka vizuri, mizunguko kumi na miwili imebanana. Lakini mishono yake yote iliingia na kutokea upande uleule. Sindano ilikuwa imepita kwenye ngozi tu.

Lilikuwa kosa lake la Oktoba. Alimtazama mjomba wake aliyesimama kando ya gari, kikombe mikono miwili, na ghafla kikombe na zipu na sindano vikakaa mahali pamoja. Hayakuwa macho. Miaka arobaini ya kushika chenso inayotetemeka humaliza vidole: hugeuka vyeupe wakati wa baridi, kisha hufa ganzi, na mwenye vidole hivyo hawezi kusikia kama sindano imetoboa mkia au imetoboa hewa. Kila mkata miti anaujua ugonjwa huo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila safari hii kifo chenyewe kingekuwa cha mtu mwingine. Mared alikasirika. Kisha akamhurumia. Hofu ilikuja ya tatu, na ndiyo iliyokaa.

Angeweza kuchukua kamba ya zamani na kusema hii mpya ni ngumu mkononi. Angepona yeye. Kesho yake kamba hiyohiyo ingekuwa kiunoni mwa Carwyn.

"Vipi Mtaalamu, unaiombea?" Carwyn alipaza sauti. "Kanisa liko nyuma yako, ingia upige magoti kabisa!"

Mared alivua mkanda, akatembea hadi kwenye gari.

"Bosi."

"Unangoja nini?"

"Hii inatembea."

Idwal aliweka kikombe, akalishika jicho, akalisukuma kama alivyokuwa akisukuma sikuzote. Uso wake haukubadilika. Mared aliona wazi kwamba vidole havikumwambia chochote.

"Haitembei. Jana nimening'inia nayo. Kilo tisini na tano, imeshika."

"Wewe ndiye uliyeniambia uzito haujaribu kitu."

"Una miezi mingapi humu ndani?"

"Mitano."

"Mitano. Na unaniambia mimi sijui kuunga kamba?"

"Unajua," Mared alisema. "Vidole ndivyo havijui tena, mjomba."

Neno hilo halikuwa la kazini. Idwal alimrudishia jicho. Carwyn alikuwa amesogea karibu.

"Vuta," Idwal alisema.

Mared alilegeza, akasukuma, akauvuta mkia kwa vidole viwili. Ulitoka wote. Uzi mwekundu ukabaki umezunguka kamba tupu, mizunguko yake kumi na miwili imekaa vilevile.

Carwyn alishusha macho kwenye kamba iliyokuwa mkandani mwake. Uzi wake nao ulikuwa mwekundu, wa Novemba. Tangu Novemba alikuwa amepanda nayo karibu kila siku ya kazi. Akaichomoa na kumpa Mared. Mared akasukuma: ilishika. Akafuata mishono kwa ukucha. Mmoja tu ulikuwa umepita upande wa pili.

"Mmoja," alisema.

Carwyn akaketi kwenye ngazi ya gari. "Mmoja," alirudia. "Nina watoto wawili, Bosi."

"Najua una wangapi," Idwal alijibu. Uso wake sasa ulikuwa umebadilika na haukuwa wa kutazamwa. Alitoa kisu, akakishika kwa ncha, akamwelekezea Mared mpini. "Kata. Anza upya. Uzi unao?"

"Mwekundu umo kwenye sanduku."

"Nimekuuliza uzi wako."

Mared alipapasa mfuko wa kifuani. Kigurudumu cha manjano kilikuwa bado kwenye nailoni yake.

Aliunga ndani ya gari, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua, zaidi ya saa moja na nusu. Bi Eluned alikuja mara mbili na chai na keki ya zabibu, na mara ya pili akauliza kama kanisa limeajiri wakata miti au mafundi cherehani. Carwyn alimwambia ni mafundi cherehani, mama, ila wa bei mbaya. Mared hakusikia. Alikuwa akisikiliza kwa kidole tu. Kila sindano ilipoingia alingoja ule ugumu mdogo wa mkia ndani, kisha akasukuma mpaka itokee ng'ambo.

Alipotoka na kamba, Idwal alikuwa chini ya mwaloni, amevaa mkanda wake wa zamani. Vifungo vyake vya chuma vilikuwa wazi.

"Aliyeunga ndiye anayening'inia kwanza," Mared alisema.

"Sheria ni yangu. Nifunge hivi."

Alimfunga kifungo kimoja baada ya kingine kama unavyomfunga mzee kanzu. Walirusha kamba juu ya tawi la chini, Mared akatia jicho la manjano kwenye pete ya Idwal, na Idwal akainua miguu.

Kamba ikambeba. Lakini hakukunja mikono kifuani kama kwenye boriti. Alisimama chini, akailegeza kamba, akaitikisa, akaning'inia nayo tena. Akasimama, akatikisa, akaning'inia. Mara tano, mara kumi, na magoti yake yale mabovu yakilia kila anaposimama, na mvua ikimwingia shingoni. Kisha akamwita Mared alikague jicho. Halikuwa limesogea hata unywele.

"Panda," alisema.

Mared alipanda. Ilimchukua muda mrefu kuliko ambavyo ingemchukua Carwyn, na Carwyn, kutoka tawi la pili na kwa kamba ya kiwandani iliyokutwa chini ya kiti, alimwelekeza pa kukanyaga bila mzaha hata mmoja. Alifika mwanzo wa lile tawi lililopasuka, akasimama juu yake, na kamba ikalegea. Alijua hii ndiyo sehemu yenyewe. Akatazama chini kuomba chenso.

Idwal hakuwa akimtazama. Alikuwa ametoa kamba zote garini na kuzipanga juu ya ukuta wa kanisa, saba kwa hesabu, kila moja na jicho lenye uzi mwekundu, na sasa alikuwa akikata macho ya kamba hizo moja baada ya jingine. Kisu kilimdondoka. Akakiokota, akaendelea, kikamdondoka tena. Bi Eluned alikuwa mlangoni, na Carwyn na Mared walikuwa juu, na safari hii Idwal hakugeuka kuangalia ni nani aliyemwona.