Kijiwe cha Kumi na Mbili

Wageni wa mjini walikuwa na ugonjwa mmoja: wote walipanda mlima na viatu vipya. Kiongozi alishachoka kuwaonya. Miaka kumi na sita alikuwa akiwapeleka watu kwenye yale magofu, saa tatu kwenda na mbili kurudi, kupitia msitu, kijito na maporomoko madogo, mpaka kwenye ukuta wa mji uliojengwa miaka mia saba iliyopita na kuachwa na wenyewe kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua, ingawa kila mgeni alikuwa na yake ya kumfundisha.

Jumamosi ile walikuja kumi na wawili. Aliwapanga mbele ya kibanda cha tiketi, akampa kila mmoja fimbo. Fimbo zilikuwa wazo lake. Zilikuwa kumi na mbili, kila moja na namba yake ya rangi nyekundu, na ukutani kulikuwa na ubao wenye matundu kumi na mawili ya kuzichomeka. Mgeni akishuka, anarudisha fimbo kwenye tundu lake. Tundu likibaki wazi, kuna mtu mlimani. Jambo lenyewe halihitaji akili nyingi, na ndiyo maana alilipenda.

Baba yake hakulipenda. Mzee huyo ndiye aliyeanza kazi hiyo ya kupandisha wageni, na sasa, akiwa na miaka sabini na minne, wenyeji walimwita Mzee Mkia kwa sababu alitembea nyuma ya wote. Yeye alihesabu kwa vijiwe. Asubuhi aliokota vijiwe vya changarawe mbele ya kibanda, kimoja kwa kila mgeni, akavitia mfuko wa kushoto wa suruali. Wakati wa kurudi alisimama kwenye lango la magofu, chini ya tao la mawe, na kwa kila mgeni aliyempita alihamisha kijiwe kimoja kwenda mfuko wa kulia. Wageni walimcheka, naye akawacheka viatu vyao.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu za mzee zilikuwa zimeanza kumtoka. Alikunywa chai, kisha akauliza mbona leo hakuna chai. Alimwita mwanawe wa kiume kwa jina la mjomba aliyezikwa zamani. Mwanawe huyo, fundi umeme, kaka mkubwa wa kiongozi, alitaka baba afungiwe ndani, funguo wazishike wao. Kiongozi alikataa kata kata. Waligombana wiki nzima, hadi mama yao akaamua mwenyewe: mzee ataendelea kupanda, lakini Jumamosi tu, na binti yake tu.

"Nakukabidhi mume wangu," mama alimwambia. "Unirudishie kama ulivyomchukua. Akipotea huko juu, usije kunieleza habari za msitu."

Basi kila Jumamosi kiongozi alibeba dhamana hiyo pamoja na sanduku la dawa. Kazi ya mkiani alimwachia mzee ili asijione ameshawekwa kabatini. Kusema kweli, hesabu ya vijiwe haikuwa inasikilizwa na mtu. Kiongozi alimuuliza kila mara, "Baba, wametimia?" na mzee akajibu, "Wametimia, mama," naye akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikiwa mtoto anayesoma herufi. Kisha akaenda kutazama fimbo zake.

Siku hiyo ilianza vizuri. Msitu ulikuwa na baridi, ukungu ukining'inia kwenye matawi, na ndege walipiga kelele kana kwamba wanagombea kitu. Kwenye kijito mwanamke mwenye fimbo namba saba, karani wa benki, alisema tumbo linamsokota kidogo. Alipoulizwa kama anataka kurudi alisema la, hajaja huko kuangalia kijito.

Walipofika juu, mzee alibadilika kama alivyobadilika siku zote. Aliyesahau chai ya asubuhi aliwaonyesha wageni mahali palipokaa walinzi wa mji, tundu la kumwagia maji ya moto adui, alama ya nyundo ya mwashi aliyechonga jiwe la tao. Mizizi ilikuwa imeupasua ukuta na kuushikilia hapo hapo. Mwisho aliwapeleka kwenye birika, shimo la kukusanyia maji ya mvua lililochimbwa kwenye mwamba, urefu wa watu wawili kwenda chini, lililozungushiwa kamba. Aliwaambia wakae mbali nalo. Aliwaambia pia kanuni ya mkiani, maana mgeni mmoja alimuuliza kwa utani kazi yake hasa ni ipi.

"Wa mkiani hatoki langoni mpaka wote wawe mbele yake," mzee alisema. "Akipungukiwa na mmoja, anaacha kofia juu ya jiwe la langoni, ili atakayerudi ajue yumo ndani. Halafu anaanza kumtafuta hapa birikani. Aliyeanguka hana muda wa kusubiri."

Mchana mpishi alileta chakula kwa pikipiki, akipitia barabara ya nyuma inayoishia kwenye ukuta wa mashariki. Karani wa benki hakula. Alikuwa amekaa kivulini, uso umempauka, jasho linamtoka. Kiongozi hakusubiri mjadala. Alimpandisha kwenye pikipiki nyuma ya mpishi, pamoja na fimbo yake, wakashuka kwa barabara ile ya nyuma. Mzee wakati huo alikuwa upande wa pili, amelala usingizi mfupi wa baada ya kula, mgongo kwenye ukuta, kofia usoni.

Kiongozi alimtazama pale. Akasema moyoni, nikimwamsha nimwambie, akishafika kwenye tao atakuwa ameshasahau. Fimbo namba saba itakuwa tunduni, inatosha. Akamwacha alale. Wazo hilo halikuchukua hata muda wa kufunga kidumu cha maji, lakini alikuja kulikumbuka maisha yake yote.

Saa tisa mawingu yalishuka ghafla. Radi ilipiga mara moja, na wageni wakaanza kukimbilia langoni wakijifunika mifuko ya plastiki. Kiongozi alitangulia mbele kwa sababu njia ya maporomoko huteleza mvua ikinyesha, na mtu mmoja akivunjika pale wote wanakwama. Alipogeuka mara ya mwisho alimwona baba yake amesimama chini ya tao, mkono mfukoni, wageni wakimpita mmoja mmoja. Hakumuuliza kama wametimia. Mvua ilikuwa kubwa, na jibu alikuwa nalo.

Chini, kwenye kibanda, fimbo zilirudi. Karani alikuwa amekaa kwenye benchi akinywa maji ya chumvi na sukari, amepata nafuu, na namba saba yake ilishachomekwa mapema. Kiongozi alihesabu matundu kwa kidole: kumi na mawili, yote yamejaa. Aliona raha kama kila mara. Wageni walisaini kitabu, wakapigana picha, wakaondoka na viatu vilivyoharibika. Mzee hakuonekana, lakini hilo halikumshtua. Kabla ya kufika chini kulikuwa na njia ya mkato inayotokea nyuma ya nyumba yao, na mzee akilowa huikata hiyo. Alifunga geti, akatia funguo mfukoni, akaenda nyumbani.

Mama yake alikuwa ameweka vikombe viwili mezani. Alitazama nyuma ya binti yake, mlangoni, akasubiri kidogo.

"Baba yako umemwacha wapi?"

Kiongozi aliuliza kama hajafika, swali la kijinga, kwa sababu kikombe kilikuwa kitupu na kiti kitupu.

Walitoka watu wanane na tochi. Kaka mtu ndiye aliyeongoza, na hakumpa dada yake nafasi ya kusema. Alisema mzee amepotea, akili zimemruka njiani, na aliyepotea hafuati njia, hushuka kufuata maji. Ilikuwa hoja nzuri. Wote waliikubali, kiongozi naye akaikubali, kwa sababu alikuwa ameshaanza kumfikiria baba yake kama mtu aliyepotea tangu zamani. Wakateremka na kijito, wakaita mpaka sauti zikakauka, wakageuza kila kichaka upande wa bondeni. Mvua haikukatika. Kwenye magofu hakuna aliyepanda. Mtu aliyechanganyikiwa angekwenda kufanya nini magofuni?

Kulipoanza kupambazuka kiongozi aliwaacha wenzake bondeni, akapanda peke yake. Hakuwa na hoja yoyote. Alikuwa tu hajui pengine pa kwenda. Aliiona kofia akiwa bado mbali. Ilikuwa juu ya jiwe la langoni, imewekewa kokoto ili upepo usiichukue, kama kanuni inavyosema.

Hapo ndipo alipoelewa yote, mara moja. Akakimbia moja kwa moja hadi birikani.

Kamba ilikuwa imekatika upande mmoja, ukingo umemomonyoka kwa mvua. Mzee alikuwa chini, amekaa, mgongo kwenye mwamba, maji yakimfika kiunoni. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, naye alikuwa ameufunga kwa mkanda wa suruali na kipande cha mti, vizuri, kama alivyomfundisha binti yake kufunga. Maana yake hakufa alipoanguka. Alikaa humo akiwa na akili zake, akafanya kazi ya mikono, akasubiri. Daktari aliyempima baadaye kwenye kibanda cha tiketi alisema ni baridi, na kwamba hakuwa amepoa sana. Huenda aliondoka saa moja au mbili tu kabla ya kuonekana. Kaka mtu aliposikia hivyo alitoka nje, akashika nguzo ya kibanda, na hakuingia tena mpaka maiti ilipopakiwa.

Kiongozi mwenyewe ndiye aliyemkagua mifuko. Wa kulia ulikuwa na vijiwe kumi na kimoja. Wa kushoto ulikuwa na kimoja.

Nyumbani watu walijaa kwa siku tatu, na wote walisema jambo moja kwa sauti ya upole. Maskini, ugonjwa wa kusahau. Hakujua yuko wapi. Afadhali amepumzika. Kaka mtu aliitikia. Tangu siku ile hakumlaumu dada yake hata kwa jicho. Alimletea chakula, akamwambia wazee wa namna hiyo huponyoka hata kwenye nyumba yenye walinzi. Ulikuwa wema mzito, na kiongozi alijua kwamba akinyamaza tu, utamfunika mpaka azeeke. Mji mzima ulikuwa umeshakubali. Karani wa benki alituma rambirambi.

Siku ya nne, watu walipopungua, mama alimwita chumbani. Nguo za marehemu zilikuwa zimekunjwa kitandani, na juu yake leso iliyofungwa fundo. Mama aliifungua.

"Hivi vijiwe vyake," alisema. "Hata siku hiyo alikuwa anavichezea?"

Kiongozi alikaa chini sakafuni. Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni, na mama alikuwa anampa mlango wa kutokea.

"Hakuwa anachezea, mama. Alihesabu. Wageni walipanda kumi na wawili, mmoja aliugua nikamshusha kwa pikipiki, baba akiwa amelala. Sikumwambia. Nilisema atasahau. Pale langoni wamempita kumi na mmoja, akabaki na kijiwe kimoja. Akarudi ndani kumtafuta mgeni wangu."

Mama alivitazama vijiwe. Alitenga kimoja kutoka kwa vingine kwa ncha ya kidole, polepole.

"Kwa hiyo hakupotea."

"Hakupotea."

"Hakusahau."

"Hakusahau kitu, mama. Hesabu yake ilikuwa sawa."

Nje mtu alikuwa anaosha masufuria. Kiongozi alisubiri kupigwa, au kulaaniwa, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Mama alikuwa bado anatazama leso.

"Na wewe ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Ukapata wangapi?"

"Kumi na wawili. Fimbo zote zilikuwa zimerudi."

Mama alikusanya vijiwe vyote pamoja tena, akafunga fundo, akalikaza kwa meno kama alivyofunga mafundo yake yote. Alipozungumza hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mlikuwa kumi na wanne, mwanangu," alisema.