Dirisha la Bibi Ripeka

Harufu ilipoisha, tulifurahi. Mdogo wangu Piripi, aliyekuwa na miaka minne, alinusa hewa kama mtoto wa mbwa, akatangaza kwamba mayai yaliyooza yamekwisha. Baba alicheka bila kufumbua macho. Tulikuwa tumelala watatu sakafuni kwa Bibi Ripeka, mbao zikitupa joto mgongoni kama ubavu wa ng'ombe, na nje mvua baridi ya Agosti ikinyesha juu ya mvuke unaofuka ardhini mjini Rotorua. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka nilijiambia kwamba sasa ndiyo likizo imeanza.

Likizo hiyo Baba aliipanga tangu Pasaka. Alifanya kazi machinjioni, kwetu Wairoa, na juu ya kabati aliweka akiba katika makopo matatu ya hamira: kopo la petroli, kopo la chakula, kopo la watoto. La malazi halikuwapo. Bei za nyumba za wageni alizisoma gazetini mara moja tu, akalikunja lile gazeti, akawashia jiko. Lakini Bibi Ripeka, mama yake Mama, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, na nyumba yake ilikuwa tupu. Hakuna aliyelitamka, ila kifo chake ndicho kilichotupa likizo.

Bibi na Baba hawakuwahi kupatana. "Huyu mumeo," Bibi alizoea kumwambia Mama, Baba akiwa hapo hapo mezani, "angepewa mizani angepima hata mvuke." Baba alikuwa akicheka kwa meno tu.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Uani palikuwa na sanduku la mbao lililofukiwa juu ya ufa wa ardhi uliotoa mvuke, na humo tulipikia pamoja na Mama Mkubwa Ngahuia, dada yake Mama, aliyekaa nyumba ya pili. Viazi vitamu, nyama, mahindi, vyote viliiva kwa pumzi ya ardhi. Baba hakuacha kuinua kifuniko kuchungulia.

"Kumbe wenzetu mnaishi bure," alisema.

"Bure?" Mama Mkubwa alimtazama. "Shemeji, hapa kila kitu kina mwenyewe."

Piripi aliziba pua kwa harufu ya ule mvuke. Mama Mkubwa akamtania: "Ziba tu, baba. Siku utakayoacha kuisikia, ujue umekuwa wa hapa."

Kitu kimoja katika nyumba ile kilinitisha, nacho ni dirisha la bafuni. Upande ule ukuta ulishuka moja kwa moja hadi kwenye dimbwi la maji yaliyochemka, ya kijivu, mazito kama uji. Hapakuwa na njia wala pa kukanyaga. Dirisha lilikaa wazi usiku na mchana, limeshikiliwa na kijiti, kipande cha mpini wa ufagio kilichokuwa kimegeuka cheusi kwa mvuke. Ungeoga huku ukiyasikia chini yako kama mtu anayekoroma.

Siku ya tatu Mama na Mama Mkubwa walikwenda kumwona jamaa mgonjwa. Mlangoni Mama aligeuka.

"Taare, vitu vya Mama usiviguse. Kila kitu kikae alivyokiacha."

Baba aliitikia kwa upole, kama mtu anavyomwitikia mfiwa. Mama alizaliwa katika nyumba ile. Baba alikuwa mtu wa pwani. Mama hakufikiri kwamba lipo la kueleza, na Baba hakufikiri kwamba lipo la kuuliza.

Mvua ikazidi. Piripi alianza kukohoa, na hita ya umeme Baba hakutaka kuiwasha, kwa kuwa bili ingemfikia Mama Mkubwa. Alizunguka nyumba nzima akitanguliza kiganja, akiutafuta upepo unakoingilia, hadi akafika bafuni.

"Joto la bure linakwenda zake nje," alisema, "na sisi huku tunatetemeka."

Alikitoa kile kijiti kwa adabu, akakiweka kando ya picha ya Bibi. Akafunga dirisha. Akaziba kwa taulo nafasi iliyokuwa chini ya mlango wa mbele. Nyumba ikapata joto kama kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi. Tukalala. Ndipo harufu ikaisha.

Sijui muda gani ulipita. Kichwa kilikuwa kizito, kizito cha raha.

"Bibi anagonga," Piripi alisema. Alikuwa begani pangu, lakini sauti yake ilitoka mbali.

"Lala."

"Amekasirika."

Nami nikasikia. Sauti ya pete juu ya kioo. Mara tatu, kimya, mara tatu tena, kama Bibi alivyokuwa akituita tuje kula. Nilidhani ni Mama amerudi. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nilitambaa, nikaliondoa taulo, nikafungua mlango.

Hapakuwa na mtu. Upepo uliingia, na pamoja nao ile harufu, ikanirudia kama kofi. Nilitapika pale kizingitini. Nilipogeuka, Piripi alikuwa vile vile, mdomo wazi, na Baba kando yake. Nilimvuta Piripi kwa miguu hadi nje. Nilimwita Baba hadi sauti ikakatika, na mwishowe alikuja kwa magoti, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mvuani Piripi alikuwa na rangi ya yale maji ya dimbwi. Kisha akalia.

Mama na Mama Mkubwa walitukuta tumeketi kwenye matope. Mama alitazama mlango, akamtazama Baba, akamchukua mtoto.

"Mvuke wa ardhini ukifungiwa ndani ni sumu. Pua hufa kwanza," Mama Mkubwa alisema taratibu. "Mwenye pua hufuata." Alichuchumaa mbele yangu. "Mlijuaje kutoka?"

"Kuna mtu aligonga."

"Mlangoni?"

Piripi ndiye aliyejibu, uso wake umefichwa shingoni mwa Mama. "Dirisha la bafuni."

Dada wawili wale walitazamana. Nyuma ya nyumba maji yalikuwa yakichemka.

Upepo ulipoisafisha nyumba, Baba aliingia akakirudisha kijiti mahali pake. Alikijaribu kwa kidole, akakijaribu tena. Hatukumsikia akitoka, alikaa mle bafuni hadi Mama alipokwenda kumchukua.

Asubuhi daktari alimpima Piripi akasema yu mzima, tukafunga safari, kopo la watoto likiwa bado zito. Baba aliendesha huku kioo cha upande wake kimeshushwa chote. Baridi ya milimani ilitupiga usoni hadi Wairoa, na hakuna aliyemwambia akifunge.