Parkingi ya Mbali

Neno lililomponza Kavuo lilikuwa moja tu, tena la Kifaransa. Mama Emérence, mama wa mchumba wake Gracien, aliondoka Lubero akiwa msichana akaenda kukaa Liège, Ubelgiji. Siku moja alimwuliza Kavuo kwa simu baba yake anafanya kazi gani. Kavuo alikuwa amehitimu chuo kikuu na sasa ni karani katika shirika moja mjini Butembo. Alijibu bila kumeza mate: "Papa yuko transporteur."

Jibu hilo halikuwa uongo, wala halikuwa kweli. Butembo nzima inajua kwamba anayeitwa transporteur ni tajiri mwenye malori yake, nyumba ya ghorofa na lango la chuma. Mzee Kahongya alikuwa amesafirisha viazi na maharagwe kutoka Lubero hadi Beni tangu ujana wake, lakini katika lori la mtu mwingine. Alikuwa dereva. Lori lilikuwa la Hassan, mfanyabiashara wa Beni, na hata ile jeep iliyotumwa Entebbe kuwapokea wageni ilikuwa ya Hassan huyohuyo. Hassan aliitoa kwa sharti moja: "Jeep yangu inashikwa na mutu moja tu, Kahongya. Mwengine hapana."

Ndiyo maana baba na binti walikuwa njiani pamoja. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, na Mama Emérence na kaka yake, Éliakim, waliokuwa wanakuja kuiona familia na kuzungumza habari za mahari, wangeshukia Entebbe, Uganda.

Kwa Mzee Kahongya safari ile haikuwa kazi ya udereva. Alikuwa anakwenda kuwapokea wakwe. Alivaa koti lake la kahawia, lile la harusi yake, na shingoni alikuwa na tai ambayo mkewe, Mama Kahindo, alimfungia asubuhi ya kuondoka. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kuifunga, hakuthubutu kulifungua lile fundo. Walipolala Kasese aliivua kwa kuipitisha kichwani, akaitundika kwenye msumari. Kulipopambazuka akaivaa tena taratibu, kama mtu anayevaa rozari.

Walipokaribia Entebbe, Kavuo alikuwa ameinamia simu yake.

"Papa, ku aéroport parkingi ziko tatu."

"Tatu?" Mzee alicheka. "Kwetu Butembo parkingi ni pale gari inachokea."

"Moja iko mbele ya mulango kabisa. Ingine iko kando, iko na paa. Ya tatu iko mbali, kule nyuma, gari zinalalaka siku mingi. Batu banatoka kule na bus kidogo."

"Basi ya karibu njo ya muzuri. Bageni banatoka, banatukuta mbele ya mulango, mimi na weye. Napokea mizigo, tunapanda. Mutu hapana kutembeza bakwe mu jua."

Alisema neno lenye uzito. Kwao mgeni hapokewi kwa maneno matamu. Hupokewa kwa kutwaliwa mzigo alioushika, na anayeutwaa wa kwanza ndiye mwenye nyumba.

Kavuo alimtazama baba yake kwa pembe ya jicho. Aliliona lile fundo la tai, kubwa kama ngumi. Aliona weusi wa oili uliokwisha kuwa sehemu ya mikono yake, na pengo la jino la mbele lililoonekana kila alipocheka. Na siku ile alikuwa anacheka sana. Kisha akamwona, kwa macho ya moyo, Mama Emérence akitoka mlangoni na kumtafuta yule transporteur.

"Tuende ya mbali, Papa," akasema.

"Sababu gani?"

"Ile ya mbele ni ya dakika tu, banafukuza batu. Ile ya paa imejaa, nimeona ku téléphone. Ya mbali njo sûr, nafasi iko. Lakini kule hakuna mulinzi. Lazima mutu abakie na gari ya Hassan."

 Mzee aliifuata mishale ya mabango, akazunguka, akaingia kwenye uwanja mpana uliokuwa nyuma ya majengo. Hapo kwenye kizuizi alisimama mlinzi mwenye sare iliyopigwa pasi, redio begani, na nyuma yake mlinzi wa pili akizunguka katikati ya magari.

"Na hawa?" aliuliza Mzee.

"Hawa ni ba geti tu, Papa. Habaangaliake gari."

Mzee Kahongya alikuwa amelaza magari karibu katika kila mji wa Kivu, na parkingi yenye ulinzi aliijua kama padri anavyoijua misa. Akawatazama walinzi, akamtazama binti yake. Kisha akazima injini.

"Sawa," akasema. "Nitabakia."

Kavuo alipanda basi dogo peke yake. Kupitia dirisha alimwona baba yake akitoa kitambaa mfukoni na kuanza kuipangusa jeep vumbi la safari, ili wageni wasichafuke.

Mama Emérence alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kanga ya Lubero chini ya koti la Ulaya. Alimkumbatia Kavuo mara ya kwanza, akamkumbatia tena, ndipo akachungulia nyuma yake.

"Na papa yako? Hakukuya?"

"Papa iko nabangojea," alijibu Kavuo. Hata hilo halikuwa uongo. Mama Emérence akaelewa kwamba mzee yuko Butembo, na Kavuo akamwacha aelewe hivyo.

Basi dogo liliwazungusha muda mrefu. Éliakim, aliyekuwa na mabegi mawili mapajani, aliuliza: "Binti, hii parkingi iko bado Uganda, ao tumeshafika Congo?" Mama Emérence akacheka hadi akashika mbavu. Kavuo alicheka pia, midomo tu.

Mzee Kahongya alikuwa amesimama kando ya jeep iliyong'aa, tai imenyooka, mikono kando kama mwanafunzi aliyeitwa mbele kusema shairi. Njia nzima alikuwa akijifunza maneno ya kuwakaribisha wakwe. Alipowaona alisogea, akainama kidogo, akanyoosha mikono yote miwili kulipokea begi la Mama Emérence.

Mama Emérence alimkabidhi bila kumtazama sana, maana alikuwa amechoka.

"Aksanti, shofere," akasema, akamgeukia Kavuo. "Shofere wenu iko na heshima."

Mzee alikuwa amekwisha kufumbua kinywa kuyasema yale maneno yake. Alikifumba. Akamtazama binti yake, akangoja.

Yalihitajika maneno matatu tu: huyu ni Papa. Kavuo aliyahisi ulimini, akayameza.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Anazoea njia."

 Mzee Kahongya aliliweka begi nyuma ya jeep, akalipanga na mengine kwa uangalifu, akaja kumfungulia binti yake mlango.

"Panda, Madame," akasema.

Kavuo alipoketi na kuinua macho kwenye kioo, shingo ya baba yake ilikuwa tupu. Tai ilikuwa imevutwa ikafunguka, na ncha yake ilichungulia kwenye mfuko wa koti.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kavuo ilikuwa ndefu, na alijua vizuri inakoishia: mbele ya nyumba yao, ambapo Mama Kahindo angetoka kumpokea mumewe mbele ya watu wote. Kila mji waliopita alijiambia, "Tukifika mbele nitasema." Mji uliofuata ulifika, nao ukapita.

Éliakim, aliyeketi mbele, alikuwa mtu wa maneno.

"Shofere, nambie kweli. Papa ya Madame ni mutu wa namna gani?"

"Papa ya Madame?" Mzee alibadilisha gia. "Ni mutu kama batu. Analalaka mapema."

"Ni mukali?"

"Zamani alikuwa mukali. Batoto bakisoma, ukali unaisha."

"Na malori? Iko nayo ngapi?"

"Mie hapana hesabu vitu ya batu, Papa Éliakim."

Wageni wakaangua kicheko. "Huyu anajua kufunika siri ya patron wake!" alisema Mama Emérence, akimpiga Kavuo pajani. "Shofere kama huyu haachwi!" Kavuo aligeuza uso dirishani.  Alitamani baba yake aseme neno moja la hasira, ili apate pa kuegemea. Mzee alibadilisha gia tena.

Walipolala tena Kasese, Mzee alikataa chumba. "Madame alisema gari haibakie yenyewe," aliwaeleza wageni kwa upole, akajikunja ndani ya jeep na koti lake la harusi kama blanketi. Katika chumba kilichokuwa juu yake, Kavuo alikaa kitandani na viatu miguuni. Alishuka ngazi hadi mlangoni, akaona koti likipanda na kushuka kwa pumzi nyuma ya kioo, akarudi juu.

Kesho yake walivuka mpaka, wakaipita Kasindi, na jua lilipokuwa kichwani wakaingia Beni. Walipofika katika mtaa wa Ruwenzori, karibu na nyumbani kwa Hassan, Mzee alisimamisha gari ghafla kando ya barabara.

"Madame, kuya uone pneu."

Kavuo alishuka, akamfuata nyuma ya jeep. Tairi lilikuwa zima. Mzee alichuchumaa mbele yake hata hivyo, akaligusagusa, akasema bila kuinua uso:

"Nibakishe hapa. Nitamuomba Hassan, atakupatia shofere mwengine. Ukifika Butembo sema papa ameitwa Mutwanga, kuko kilio. Mama yako nitamupigia simu mie. Nitagombana naye mie. Hii bongo, hii uongo, nitaibeba mie, weye usiibebe."

"Papa…"

"Mahari watasema na banoko yako, bajomba. Siye batatu tu, mie, weye na mama yako, njo tutajua, na pneu."

Hakuwa na uchungu sautini. Alikuwa anapanga kukosekana kwenye mahari ya binti yake kama alivyozoea kupanga magunia, zito chini na jepesi juu.  Hasira Kavuo angeivumilia. Wema ule hakuuvumilia.

Akazunguka jeep, akafungua milango.

"Mama, Papa Éliakim, naomba mushuke."

"Pneu imepasuka?"

"Hapana." Alipumua. "Huyu njo Papa."

"Papa gani?" aliuliza Éliakim.

"Papa yangu. Mzee Kahongya. Hana lori hata moja, ni shofere. Mie njo nilimubakisha mu parkingi ya mbali, ili musimuone."

Pikipiki zilipita na kupita. Éliakim alivua kofia yake, akaishika mbele ya kifua. Mama Emérence aliangalia nyuma ya jeep, yalipo mabegi, kisha akaiangalia mikono yake mwenyewe kana kwamba ndiyo iliyokosa.

"Nilimupatia mufuko," alisema polepole. "Kwa mukwe wangu. Nikamuita shofere."

Akamwendea Mzee aliyekuwa bado amechuchumaa kwenye tairi lake zima, akakunja magoti kwa desturi ya kwao Lubero, akampa mikono yote miwili.

"Utusamehe, mukwe."

"Inukeni, Mama. Mugeni anapokelewa mizigo. Nilipokea tu."

Mama Emérence alipomgeukia Kavuo hakuwa na uso wa hasira. Alimtazama toka juu hadi chini, kama mtu anayeitazama nguo aliyoinunua usiku na sasa anaiona mchana.

"Gracien aliniambia umesoma," akasema. Akapanda garini.

Waliingia Butembo. Walipoikaribia nyumba yao, nyumba ya mbao yenye ua wa maua, shangazi zake walikuwa wamekwisha kujipanga wakiimba. Mzee alipunguza mwendo, akaangalia kwenye kioo.

"Niweke wapi, Madame? Karibu, ao mbali?"

Éliakim alishindwa kujizuia, akacheka. Mama Emérence hakucheka.

"Karibu, Papa," alisema Kavuo.

Mama Kahindo alipita katikati ya waimbaji, na jicho lake, kabla ya kuwaona wageni, lilitua shingoni mwa mumewe.

"Papa Kavuo! Kravati iko wapi? Balikuona nayo?"

"Baliniona nayo," alisema Mzee. "Muzuri kabisa. Imefunguka mu njia."

"Imefunguka! Fundo ile ningefunga nayo mbuzi. Nani alifungua?"

 Wageni waliangalia chini. Mama Kahindo, akinung'unika, aliitoa tai mfukoni, akainyoosha kwenye paja, akamfunga upya mumewe mbele ya watu wote, akakaza.

Mama Emérence alikuwa amekwisha kufika kizingitini, begi mkononi. Aliitazama tai ile. Kisha akageuka, akashuka ngazi, akarudi mpaka kwenye jeep, akaingia na begi lake, akafunga mlango. Shangazi wakaacha kuimba, wakidhani ameghairi.

Mzee Kahongya alielewa. Alilinyoosha koti lake, akaenda kwenye mlango wa jeep, akaufungua, akanyoosha mikono miwili. Safari hii maneno yake aliyasema yote, kwa Kinande, tangu la kwanza hadi la mwisho, na Mama Emérence aliyasikiliza yote kabla ya kuliachilia begi.

Kavuo naye alisogea kupokea mzigo. Éliakim akampita na mabegi yake mawili, akamkabidhi mjomba wa kwanza aliyemwona. Wote waliingia ndani na wimbo ukaanza tena. Kavuo alibaki nje kando ya gari, mikono mitupu.