Uji Hauna Foleni Mbili

Maji ya El Nino yalipokimeza kijiji cha Wema, Margaret alitoka na watoto wake, sufuria na shuka moja. Kambini Garsen, kwenye kipande cha ardhi kilichoinuka kando ya barabara, akapewa kazi ya kuwapikia uji watu waliofika kila siku wakiwa wamelowa matope hadi kiunoni. Aliifanya kwa moyo. Alikoroga huku akiimba chinichini "Bwana, utuhurumie" kwa sauti ya kanisani kwao, maana wimbo huo ulikwenda sawa na mwiko.

Jumapili ibada ilifanyika chini ya turubai. Watu walipiga magoti matopeni, safu moja, na kasisi akapita na mkate na kikombe bila kumruka mtu. Kando ya Margaret alipiga magoti Laban, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya kambi. Kikombe kilitoka mdomoni mwake kikaja kwa Margaret.

Kesho yake asubuhi zikafika familia za Waorma, wafugaji kutoka ng'ambo ya mto. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa maji. Mbele alikuja mama mmoja, Darmi, amembeba mama mkwe wake mgongoni. Margaret akachota uji, akamnyooshea kikombe.

"Ngoja, dada Margaret," Laban alisema. "Hao watakunywa watu wetu wakishamaliza. Kitakachobaki."

"Kisipobaki?"

"Basi. Ng'ombe wao walimaliza migomba yangu yote. Nilipolia, nani alinisikia?"

Hilo lilikuwa kweli. Margaret mwenyewe alimwona siku ile amesimama katikati ya shamba, machozi yanamtoka bila aibu. Alimhurumia tangu hapo. Lakini yule bibi mgongoni mwa Darmi alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, na hasira ikampanda Margaret.

"Mzee, jana tulipiga magoti pamoja. Ulimsikia kasisi akimuuliza mtu kabila lake ndipo ampe?"

"Ile ni ibada. Hii ni kazi."

"Basi mimi sijui pa kuzitenganisha. Kila Jumapili naungama niliyotenda na niliyoacha kutenda. Hili nikiliacha, nitakwenda kuungama nini? Kwamba nilikatazwa na mzee wa kanisa?"

Wanawake waliokuwa wakipanga kuni wakaguna. Uso wa Laban ukakunjamana.

"Weka upawa chini. Nitatafuta mpishi mwingine."

"Tafuta, mzee. Lakini uji huu nimeupika mimi, na nitaugawa mimi."

Akapaza sauti, kwa Kipokomo cha kwao kwanza, kisha kwa kile Kiorma chake cha sokoni: "Ketini! Safu moja! Anayekuja akae baada ya aliyetangulia!"

Walinung'unika. Baba mmoja wa Wema aliwashika watoto wake mkono akaondoka nao. Wengine wakasogea kidogo kidogo, wakaacha nafasi. Margaret akaanza na mama mkwe wa Darmi, akamshikia kikombe mpaka akamaliza. Alipunguza kipimo ili uji ufike mwisho wa safu, nao ulifika. Alipomwendea Laban na kikombe, mzee alimpa mgongo.

Jioni kamati ilimwondoa jikoni, ikamtuma kubeba kuni. Hakuomba msamaha, wala hakulia. Mahali pake akawekwa Nyevu, mwanamke mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akibishana na mtu.

Asubuhi iliyofuata Nyevu alifunua sufuria, Laban amesimama karibu naye, mikono nyuma. Watu wamekuja, vikombe mkononi, wanangoja kuambiwa wakae wapi. Nyevu hakumtazama mwenyekiti. Aligeuka upande wa kuni.

"Margaret, safu ngapi?"

Margaret alitua mzigo chini kwa kishindo.

"Moja!"

Nyevu akachota uji.